Nyumba Isiyo na Ngano

Daktari wa Malindi aliandika neno moja,
akalipigia mstari mara mbili: ngano.
"Asile tena. Wala shayiri.
Si kwa mwezi huu. Kwa maisha."
Thuwaiba, miaka sita, mbavu zahesabika,
alilia toka hospitali hadi Mokowe.
Tukadhani ni chapati anazozililia.
Kumbe:
"Sasa Bibi hatanihadithia tena?"

Wiki nzima sikuwa nimecheka. Hapo nikacheka.
Nikamwambia, ngano ni mbili, mwanangu,
moja ya kinu, moja ya kinywa.
Ya kinywa ni yako hadi usinzie.

Nyumbani Langoni tulianza na kabati.
Pipa la unga likaenda kwa jirani,
kibao na mpini wake,
chungio lenye vumbi jeupe ukingoni,
na kikaango cheusi kilichokunywa mafuta
tangu Barke aje nyumbani kwangu akiwa bi harusi.
Barke alisugua rafu kwa limau na chumvi
mpaka vidole vikamchubuka.
Shekue, kifungua mimba wetu, akauliza:
"Mgonjwa ni yeye. Mimi je?"
Swali la haki. Sikuwa na jibu,
nikamwonesha sinia.
Sisi hula sinia moja, watu watano,
na mkono uliomega chapati
hauulizi chembe imedondokea upande wa nani.

Wali ulikuwapo. Samaki walikuwapo.
Vibibi, vitumbua, mkate wa kumimina:
tukagundua nusu ya jiko letu
haikuwa na hatia tangu mwanzo.
Lakini Ijumaa asubuhi harufu ya mahamri ya jirani
hupanda ngazi bila kupiga hodi,
ikakaa nasi mkekani.

Bibi alijaribu mofa ya mtama.
Ya kwanza ilipasuka, ya pili ikawa kigae,
ya tatu hata kuku waliikwepa.
Ya nne tuliila kimya na mchuzi wa papa.
Hakuna aliyesifu.
Hakuna aliyebakisha.

Kwenye harusi moja Mkomani
Thuwaiba alikwenda na bakuli lake
lenye kifuniko cha buluu.
Shangazi wa bwana harusi akamtilia sambusa mkononi:
"Kidogo tu, mama. Kidogo hakidhuru."
Kidogo kilimkunja tumbo mpaka adhana ya alfajiri.
Tangu siku ile, nyumbani kwetu
neno hilo twaliogopa kuliko unga.

Na mimi sasa nikiri.
Mwezi wa Shaabani nilinunua mahamri mawili
nyuma ya soko,
nikayala nimesimama, uso ukutani, kama mwizi.
Nikanawa. Nikapangusa masharubu.
Nikatafuna karafuu njia nzima.
Nilipoingia, Thuwaiba alininusa kifuani:
"Baba, una iliki."

Hakukasirika. Alileta birika na beseni,
akanimiminia maji kidole baada ya kidole,
chini ya kucha, kwenye mikunjo ya viganja.
"Kanzu pia," akasema. Nikaivua.
Kisha akanikalia magotini:
"Yalikuwaje? Yalikuwa na ule uwazi ndani?"

Nami niliyeapa kutoitaja ngano humu ndani
nikasema, "Paukwa."
"Pakawa," akaitika, macho kayafumba.
Nikamsimulia hamri moja, polepole,
tangu unga haujakutana na tui,
jinsi linavyozama kwenye mafuta
kisha likabadili nia, likaibuka limevimba,
na ukilifungua, pale katikati
pana chumba kitupu, cha moto,
kinachokupulizia usoni.
Shekue akasogea bila kuitwa.
Bibi akajifanya amelala.
Jikoni Barke aliacha kukoroga.

Wali ukashika chini.
Tukaula na ukoko wake,
sinia moja, mikono yote mibichi kwa maji.